Mwongozo: kusoma joto la mazabodi na kuongeza kasi bila kuua kompyuta

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Programu inasema mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ina nyuzi 127, nizime?" "Nimeweka programu iliyokuja na bodi, mashine imekuwa nzito kuliko jana." "Nilibonyeza kile kitufe cha kuongeza kasi, sasa haiwaki." Wanaouliza ni vijana wanaohariri video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho), wanafunzi wa Wandegeya wanaocheza gemu usiku, na watu wa Mbale, Gulu au Busia walionunua kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisi fulani Ulaya. Mpangilio mzima nimeuweka hapa. Ufuate kuanzia juu, usiruke hatua.

Kitu kimoja kishike mapema: kusoma na kubadilisha ni kazi mbili tofauti. Kusoma kufanywe na programu moja nyepesi. Kubadilisha kufanyike ndani ya BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ulio ndani ya bodi yenyewe, nje ya Windows. Programu kubwa za watengenezaji wa bodi, kama Armoury Crate ya ASUS, MSI Center na Gigabyte Control Center, zinajaribu kufanya yote mawili pamoja, halafu zinaongeza taa za rangi, masasisho na mahali pa kujisajili. Ndiyo maana mgeni akizifungua hajui aguse wapi.

Kabla hujaanza, uwe na haya

- UPS inayofanya kazi kweli. Kama betri yake imekufa na inapitisha umeme tu, hesabu kwamba huna UPS. Umeme ukikatika wakati unahifadhi mipangilio ya BIOS au unaisasisha, bodi inaweza kugoma kuwaka kabisa.
- Brashi laini na blowa. Vumbi jekundu la barabara za maramu huziba hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) mpaka hewa isipite. Safisha kwanza, la sivyo utapima joto la vumbi. Unapopuliza, shika feni kwa kidole isizunguke ovyo.
- Pesti mpya ya kupitisha joto la prosesa, ikiwa kompyuta ni ya mtumba na hujui ilibadilishwa lini.
- Betri ndogo ya CR2032. Bei yake ni ndogo, na utaona chini kwa nini nimeitaja.
- Daftari, na simu ya kupigia picha kurasa za BIOS kabla hujagusa chochote.
- Nakala ya kazi zako kwenye diski nyingine. Kuovakloki (kuongeza kasi kupita ya kiwandani) vibaya huweza kuharibu faili kimyakimya, hasa RAM ikianza kukosea.

Hatua ya 1: Jua kama mashine yako inakubali

Pakua CPU-Z, programu ndogo inayoonyesha vifaa vyako, ufungue kurasa tatu: CPU, Mainboard na Memory. Andika jina kamili la prosesa, jina la bodi, chipseti (chipu kuu inayoamua bodi inaruhusu nini), na toleo la BIOS.

Kwa Intel, prosesa za mezani zinazokubali kuongezwa kasi kwa kawaida zina herufi K mwishoni, kama i5-12600K, na zinataka bodi ya chipseti ya Z. Bodi za B kuanzia B560 zinakubali kuongeza kasi ya RAM, lakini ya prosesa hapana. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani ziko wazi, ila bodi za A320 na A520 hazikuruhusu kuovakloki prosesa.

Kama una Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre, hizi za ofisi ambazo zimejaa madukani Kampala, usihangaike kutafuta programu ya kuovakloki. BIOS zao zimefungwa. Soma hatua za joto, vumbi na feni tu, na hizo peke yake zitakupa faida kubwa. Laptopu nyingi ni vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Ondoa programu zilizojipenyeza

Bodi nyingi mpya husakinisha programu ya mtengenezaji zenyewe mara Windows inapounganishwa na intaneti. Faili ndogo ya kuanzishia imo ndani ya BIOS, kwa hiyo hata ukisafisha diski yote inarudi. Kwa mtu wa bando la simu hili linauma mara mbili, maana programu inapakuliwa yote tena.

Ingia BIOS. Kwenye ASUS nenda menyu ya Tool, kisha Armoury Crate, uweke Disabled. Gigabyte na MSI nazo zina kipengele cha aina hiyo, tafuta maneno Utilities Downloader au Driver Utility Installer. Halafu rudi Windows uondoe programu yenyewe. Armoury Crate usiiondoe kwa njia ya kawaida peke yake, kwa sababu huacha huduma nyuma. ASUS wanatoa zana maalum ya kuifuta, itumie hiyo.

Mwaka 2023 watafiti wa Eclypsium walieleza kwamba kipakuzi cha aina hii kwenye bodi za Gigabyte kilikuwa kinavuta faili bila ulinzi wa kutosha, na Gigabyte wakatoa BIOS mpya. Kwa hiyo kukizima ni suala la usalama pia, mbali na lile la bando.

Je, kuna sababu ya kuiacha? Ipo moja ya kweli: taa za rangi na feni zilizounganishwa kwenye kidhibiti cha USB cha mtengenezaji, ambazo BIOS haizioni. Kama hiyo ndiyo hali yako, bakiza programu moja tu, na ndani yake sakinisha kipengele kile kimoja unachokihitaji.

Hatua ya 3: Chagua programu moja ya kusomea

Ninayoipendekeza ni HWiNFO. Ina toleo lisilohitaji kusakinishwa: unalifungua kutoka kwenye flashi, unasoma, unalifunga. HWMonitor ni rahisi zaidi kwa jicho la mgeni, inatosha kwa kutazama joto tu. SpeedFan, ambayo video nyingi za zamani bado zinaisifia, haijasasishwa kwa miaka mingi na bodi za sasa haizifahamu. Iache.

Pakua kutoka tovuti ya mwenye programu. Usichukue kwa flashi ya rafiki, usichukue kwenye kurasa zenye vitufe vitano vya kijani. Programu hizi husakinisha draiva inayofika ndani kabisa ya Windows, kwa hiyo nakala iliyochezewa inaweza kukuibia kila kitu.

Kosa linalorudiwa mno ni kufungua programu mbili za kusoma kwa wakati mmoja. Sensa za bodi, yaani vipimo vya joto, volti na feni, hupitia chipu moja ndogo, na programu mbili zikiiuliza pamoja majibu hugongana. Utaona feni ikisoma mizunguko 0 kisha 40,000, au joto likiruka kutoka 45 hadi 110 na kurudi ndani ya sekunde moja. Hakuna kilichoharibika. Funga moja.

Hatua ya 4: Soma sensa kama fundi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Fungua HWiNFO, weka tiki kwenye Sensors-only, bonyeza Start. Utaona orodha ndefu na safu nne: ya sasa, ya chini kabisa, ya juu kabisa, na wastani. Usikodolee macho safu ya sasa. Inayokuambia ukweli ni ya juu kabisa, Maximum, kwa sababu joto hupanda wakati wewe umetazama kwenye gemu.

Orodha ina mistari mia na zaidi, na wewe unahitaji kama minane. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya usiyoihitaji uifiche. Bakiza hii:

- Joto la prosesa. Kwa Intel ni CPU Package, kwa Ryzen ni CPU (Tctl/Tdie).
- Kasi ya kori, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu.
- Nguvu inayoliwa na prosesa, kwa wati.
- Mstari wa Thermal Throttling. Ukisoma Yes, prosesa imejipunguza kasi yenyewe ili isiungue.
- Joto la VRM, yaani sehemu ya bodi inayopelekea prosesa umeme, kama bodi yako inayo sensa hiyo.
- Mizunguko ya feni.
- Volti ya laini ya 12V.
- Sehemu ya Windows Hardware Errors, mstari wa Total Errors. Ikae kwenye 0.

Sasa lile swali la nyuzi 127. Chipu ya sensa ina nafasi nyingi, na mtengenezaji wa bodi huunganisha chache. Zile zisizounganishwa bado hujibu, na jibu lake ni upuuzi: 127, au hasi 55, au namba isiyosogea hata ukiwasha jiko pembeni. Mara nyingi zinaitwa AUXTIN au Temperature na namba. Mbinu ya kuzijua ni nyepesi. Washa kazi nzito kwa dakika tano, uone kama namba inapanda na kushuka. Isiyosogea, ifiche.

Vivyo hivyo kwa volti. Laini ya 12V inatakiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6. Programu ikikuambia ni 8, fikiri: kwa volti 8 kompyuta isingewaka. Programu imekosea hesabu ya bodi yako. Hakikisha kwenye ukurasa wa BIOS, na ukibaki na shaka, kwa mita ya fundi.

Wenye Ryzen za zamani wajue hili pia: 1600X, 1700X na 1800X huripoti Tctl ikiwa imeongezwa nyuzi 20 juu ya joto halisi, na 2700X nyuzi 10. AMD waliweka hivyo makusudi kwa ajili ya feni. Soma Tdie badala yake.

Joto lipi ni baya? Prosesa ikiwa imetulia, 35 hadi 50 ni kawaida kwetu. Kwenye kazi nzito, 65 hadi 85 haina neno. Intel nyingi hujipunguza zikifika 100. Ryzen 7000 zimeundwa kufika 95 chini ya mzigo, kwa hiyo usishtuke, ingawa mimi ningezishusha. Kumbuka pia kwamba wanaoandika kutoka nchi za baridi wanapimia chumba cha nyuzi 20. Chumba chako Gulu mwezi wa pili kinaweza kuwa na 33, na prosesa itapanda karibu kwa tofauti hiyohiyo. Wa Kabale mna nafuu.

Hatua ya 5: Rekodi siku ya kawaida

Chini ya dirisha la HWiNFO kuna kitufe cha kurekodi kwenye faili ya CSV (jedwali la namba). Kiwashe, ufanye kazi zako kama kawaida, mchana wa jua ukiwemo. Ukihariri video, acha hadi video nzima imalizike kutoka (export). Andika daftarini joto la juu kabisa, kasi, na muda ambao kazi ilichukua. Bila namba hizi hutajua kama ulichokifanya baadaye kimesaidia.

Hatua ya 6: Feni kwanza

Panga feni ndani ya BIOS. Kwenye ASUS inaitwa Q-Fan, kwenye Gigabyte Smart Fan, kwenye MSI Hardware Monitor. Faida yake ni kwamba mpangilio unafanya kazi hata Windows ikiganda, na hauli RAM yoyote.

Anza hivi: asilimia 35 mpaka nyuzi 45, asilimia 60 kwenye 65, asilimia 100 kwenye 80. Feni ikipanda na kushuka kelele kila sekunde, ongeza muda wa kusubiri, unaoitwa Step Up au Smoothing. Feni ya pini tatu iweke kwenye DC, ya pini nne kwenye PWM.

Hatua ya 7: RAM

Ukiwa umenunua RAM ya 3200 na CPU-Z inaonyesha 1066 au 1333, ujue iko chini ya uwezo wake. Namba ya CPU-Z huzidishwa mara mbili, kwa hiyo hiyo ni 2133 au 2666. Ingia BIOS, washa XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye RAM yenyewe), au EXPO kwa DDR5 za AMD. ASUS wengine wanaiita DOCP. Hiki ndicho kitufe kimoja cha kasi ninachomshauri karibu kila mtu akiguse. Usichanganye vijiti vya chapa mbili ukategemea vitatii.

Hatua ya 8: Prosesa, kwa hatua ndogo

Usibonyeze kitufe cha kuovakloki chenyewe, kile cha AI au OC Genie. Ili kasi ishike kwa kila prosesa duniani, bodi huweka volti ya juu kuliko unayohitaji, na volti ndiyo inayoleta joto na kuchakaza. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye bodi zilizopeleka volti nyingi mno sehemu ya prosesa iitwayo SoC, hadi AMD wakaweka mpaka wa volti 1.3. Kwa Intel, kizazi cha 13 na 14 zilipata tatizo la kuchakaa kwa volti, na dawa yake ilianza kutoka kwenye BIOS za Agosti 2024. Kama unayo moja ya hizo, sasisha BIOS kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa majaribio, hapa programu ya Windows ina manufaa ya kweli: Ryzen Master kwa AMD, XTU kwa Intel K. Mabadiliko mengi unayaona hapohapo bila kuwasha upya, na mashine ikiganda, kwa kawaida inarudi salama ukiiwasha tena. Sharti ni moja: usiruhusu programu ipakie mipangilio kila Windows inapoanza mpaka umalize kujaribu.

Badilisha kitu kimoja tu, kwa kiasi kidogo. MHz 100, jaribu. Nyingine 100, jaribu. Ikianguka, rudi nyuma hatua moja na usilazimishe kwa volti.

Kusema kweli, kwa mazingira yetu mimi napenda zaidi kupunguza volti kuliko kuongeza kasi. Kwenye Ryzen 5000 na kuendelea tumia Curve Optimizer, kipengele cha kupunguza volti, kori zote, anzia hasi 10. Prosesa inapoa, na kwa kuwa imepoa inajipandishia kasi yenyewe. Hesabu pia uniti za Yaka (umeme wa kulipia kabla): mashine iliyoongezwa kasi ikila wati 80 zaidi kwa saa 8 kwa siku, ni uniti 0.64 kila siku, karibu 19 kwa mwezi. Kama umelipwa kwa kuhariri, fedha hiyo inatoka mfukoni mwako.

Hatua ya 9: Thibitisha, kisha hamishia BIOS

Cinebench R23, programu ya kupima prosesa kwa mzigo, ina jaribio la dakika 10. Lipite kwanza. Halafu OCCT saa moja, maana yenyewe inakuambia ikiona kosa hata kama mashine haijaanguka. RAM ipime kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, usiku kucha. Mwisho toa ile video uliyoipima kwenye hatua ya 5, ulinganishe muda na joto.

Vyote vikipita, andika namba hizo BIOS, zihifadhi kama profaili, piga picha. Kisha ondoa programu ya Windows. Kazi yake imekwisha.

Ikigoma

*Haiwaki baada ya kubadilisha.* Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Gusisha pini za CLRTC au JBAT1 kwa bisibisi sekunde chache, au toa betri ya CR2032 dakika tano. BIOS itarudi ya kiwandani.

*Mipangilio inapotea kila umeme ukikatika, na saa inarudi nyuma.* Ni betri ya CR2032. Kwenye kompyuta za mtumba hili ni la kawaida sana.

*Windows Defender inaikataa programu, inataja WinRing0.* Hiyo ni draiva ya zamani yenye udhaifu unaojulikana, iliyotumiwa na programu nyingi za feni na sensa. Mwaka 2025 Defender ilianza kuzizuia. Usizime Defender. Pakua toleo jipya la programu, na kama halipo, tafuta programu nyingine.

*XTU inafunguka lakini vitelezi vya volti vimefifia.* Tangu udhaifu wa Plundervolt utangazwe Disemba 2019, BIOS nyingi zimefunga kupunguza volti. Kwenye laptopu karibu hakuna njia salama ya kukwepa kufungwa huko. Kwenye bodi ya Z tafuta kipengele cha Undervolt Protection ndani ya BIOS.

*Kompyuta inajizima ghafla bila skrini ya bluu, na logi inaonyesha Kernel-Power 41.* Namba hiyo inasema tu kwamba ilizimika vibaya, haisemi kwa nini. Angalia mstari wa mwisho wa faili yako ya CSV. Joto likiwa juu, ni upoezaji. Likiwa la kawaida, shuku pawasaplai au umeme wa ukutani, na ujaribu kompyuta kwenye UPS nyingine.

*Total Errors inapanda ingawa kila kitu kinaonekana sawa.* Hiyo si sawa. Rudisha kasi nyuma hatua moja au punguza ile hasi ya Curve Optimizer, kutoka 10 kwenda 5, upime tena. Isiposhuka hata kwenye mipangilio ya kiwandani, kosa liko kwenye kifaa chenyewe, na hapo mpelekee fundi pamoja na faili ya CSV ili asianze upya.